Kayaki ya Pedali na Swali Tulilolikwepa



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, Aliyetutiishia maji tukapata ndani yake chakula na njia. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza malezi, mirathi, funga na haki za majirani. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze chombo cha kuvulia samaki. Huenda wapo watakaosema maalimu amekosa mada. Tuvumilieni mpaka mwisho, kwani katika kukichagua chombo hicho tuliulizwa swali moja dogo, tukalijibu vibaya, na kulirekebisha jibu hilo kumetuchukua miezi minne.

Chombo kilivyotujia

Sisi tunaishi Rumonge, kusini mwa Bujumbura, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Asiyejua Rumonge atosheke na hili: ukitoka msikitini ukatembea kidogo tu, unanusa ndagala walioanikwa. Mwalimu wa madrasa hapa haishi kwa ada za wanafunzi. Ada inalipa chaki na sukari ya chai. Kinachobaki anakitafuta kwa mikono yake, na sisi kwa miaka mingi tumekitafuta ziwani, kwa mshipi na ndoana, pamoja na shemeji yetu.

Tulikuwa na mtumbwi wa mbao na mashine ndogo tuliyoshirikiana na jirani. Mambo mawili yakatokea. Kwanza, esansi iliadimika nchini. Tangu mwaka 2022 tumeona foleni za magari zinazolala kwenye vituo, na mvuvi mdogo ndiye wa mwisho kufikiriwa. Mashine ikageuka pambo la uani, kuku wakapanda juu yake. Pili, ziwa lilipanda. Mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba na maghala ya watu wa ufukweni hapa kwetu na kule Gatumba, na usiku mmoja wa mawimbi mtumbwi wetu ulioegeshwa ukapasuka kwenye mawe. Asubuhi tulikuta ubavu wake mmoja, ule mwingine hatukuuona tena. Alhamdulillah alaa kulli haal.

Tuliyaeleza haya kwa simu, bila kuomba kitu, kwa mwanafunzi wetu wa zamani anayefanya kazi Sharjah. Tulimfundisha kuanzia alifu mpaka akahitimu juzuu ya Amma, sasa ana ndevu kuliko sisi. Wiki iliyofuata akapiga: "Maalimu, huku nimeona watu wanavua kwa kayaki ya pedali. Haili esansi. Chagua aina unayoitaka, mimi nitanunua na kuipakia katika kontena la jamaa wanaoleta bidhaa Bujumbura."

Zawadi ya mwanafunzi kwa mwalimu ina utamu wake. Tulikubali, tukaanza kusoma.

Ni kitu gani hasa

Kayaki asili yake ni chombo cha Wainuit, watu wa kaskazini ya barafu, waliokitengeneza kwa ngozi za wanyama juu ya fremu ya mbao au mifupa wakaenda nacho kuwinda. Hii ya uvuvi ya leo ni ya plastiki nene iliyomiminwa kipande kimoja. Humo hujitumbukizi kiunoni kama katika zile za zamani. Unakaa juu yake, kwenye kiti, na sakafuni kuna matundu yanayorudisha maji ziwani yenyewe. Plastiki hiyo ina uwazi ndani, kwa hiyo hata ikimwagiwa na wimbi haijai kama mtumbwi wetu unavyojaa.

Pedali ndizo jambo jipya. Kampuni ya Hobie ya Marekani ilianza mwaka 1997 kuuza kayaki inayosukumwa kwa miguu, na baadaye wengine wakafuata na mitindo yao. Faida kwa mvuvi inaonekana bila maelezo mengi. Mwenye kafi mikono yake miwili ina kazi, na akishika mshipi chombo kinachukuliwa na upepo. Mwenye pedali miguu inafanya kazi, mikono iko huru. Na miguu ina nguvu kuliko mikono. Katika nchi hii ambayo vijana hushusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka milimani, hatuhitaji mtu wa kutufundisha hilo.

Mapezi au propela

Pedali ziko za namna mbili, na hapa ndipo wengi hukwama.

Namna ya kwanza ina mapezi mawili chini ya chombo. Unasukuma miguu kwa zamu, mmoja mbele mwingine nyuma, na mapezi yanapepea huku na huko kama ya samaki. Ukifika kwenye maji mafupi unayalaza yakabana tumboni mwa chombo, ukapita. Magugu hayayanasi sana. Lakini katika mitindo ya mwanzo hayarudi nyuma, lazima ushike kafi. Mitindo ya baadaye inarudi, na bei nayo inapanda.

Namna ya pili ina propela. Unazungusha pedali kama za baiskeli, ukizungusha kinyume chombo kinarudi papo hapo. Hilo ni jambo kubwa kwa mvuvi, maana samaki akishika unataka kusimama mahali pamoja, usibebwe. Ubaya wake ni kwamba shina la propela linashuka chini sana, linagonga mawe usipolipandisha mapema, na magugu-maji yakijizungushia humo huendi popote mpaka uyakate.

Tulichapisha picha zote mbili tukaenda nazo Buyenzi, mtaa wa mafundi wa Bujumbura. Kuna fundi mmoja mzee pale, jamaa wa mama watoto, ambaye hajawahi kuona kayaki maishani mwake lakini gia anazijua kwa kuzisikiliza. Aliziangalia picha muda mrefu, miwani imeshuka puani. Kisha akasema, "Maalimu, hii ya propela ni gia mbili zinazokutana pembe, zimefungiwa na mafuta ndani. Sili ikifa, maji yanaingia, gia zinaliwa. Sili nitakutafutia. Hii nyingine ni minyororo na waya. Waya ukikatika nitakuungia, lakini pezi likichanika sina la kukupa. Kipuri chake hakifiki hapa."

Kisha akauliza la maana zaidi: "Ziwa lenu lina chumvi?" Tukasema hapana. "Basi vyuma vyako vitadumu kuliko vya watu wa Dar es Salaam."

Tukaelekea kwenye propela. Upande wetu magugu si mengi kama kwenye midomo ya mito, na ya mito tuna sababu nyingine ya kuikwepa, tutaitaja.

Swali

Mwanafunzi wetu alipopokea jibu hilo akauliza: "Upana je? Kuna nyembamba na kuna pana. Nyembamba ni nyepesi na ina mbio, utaibeba peke yako. Pana ni nzito lakini haipinduki ovyo. Maalimu, unajua kuogelea?"

Ndugu zetu, hapa huwa tunaandika kwa "sisi". Ni adabu tuliyoirithi kwa masheikh wetu, ambao waliona neno "mimi" ni zito mdomoni mwa mwanafunzi wa elimu. Siku ile "sisi" ilitufaa kwa jambo jingine. Tulimjibu, "Sisi watu wa ziwa, bwana! Tumezaliwa majini."

Akacheka. Akasema basi atanunua nyembamba, ya sentimita 70 na kitu, ya kiti kimoja.

Hatukusema uongo kwa maneno. Watu wa Rumonge wanajua kuogelea, na sisi ni watu wa Rumonge. Lakini huyu aliyeshika simu hajui. Mwaka 1993 vita vilipoanza, tulivushwa ziwani usiku kwenda Kigoma, tukiwa mtoto katika boti iliyojaa watu kupita kiasi. Boti haikuzama. Ilikaribia tu, mara nyingi, usiku kucha, na watu wazima tuliowaamini walikuwa wakilia. Tangu usiku ule maji yakitupita magoti tunatafuta sababu ya kurudi nchi kavu. Ndani ya mtumbwi tulikaa katikati daima, na dumu tupu la lita 20, sisi huku tunaliita bido, tulilifunga kwa kamba kwenye kiuno. Shemeji alidhani ni la kukinga maji ya mvua.

Usiku ule usingizi haukuja. Tunafundisha fiqhi, tunawafundisha watoto wa watu kwamba kuna kitu kinaitwa tawriya, yaani kutumia neno lenye maana mbili ili msikilizaji aelewe ile isiyokusudiwa. Wanachuoni wameiruhusu penye haja, kama kumwokoa mtu na dhalimu, na wakaikataza inapompotezea mtu haki yake. Haja yetu ilikuwa ipi? Tulikuwa tukilinda heshima tu. Na haki iliyopotea ni ya nani? Ya mtu aliyetoa mali yake kwa kutuamini, na ya watoto watano ambao baba yao angepanda chombo chembamba kwa jibu la kujisifu.

Likaja jingine. Kwa miaka zaidi ya 15 tumesimama mbele ya wanafunzi tukiitaja ile kauli mashuhuri ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Watu wengi huinasibisha kwa Mtume (SAW), na kila mara tuliwasahihisha kwamba inajulikana zaidi kuwa ni ya Umar bin Al-Khattab (RA). Tulikuwa hodari wa kuisahihisha nasaba ya kauli. Kuitenda, hata siku moja.

Asubuhi tulimwambia mama watoto. Hakushangaa. Alisema, "Nimefua nguo zako miaka 19, sijawahi kuzikuta zimelowa juu ya goti." Tukamwita kijana wetu mkubwa, ana miaka 16, tukamwambia pia. Aliangalia chini. Akasema taratibu, "Baba, ile bido tulikuwa tunaijua. Wote."

Kumbe aliyefichwa ni Sharjah peke yake.

Tulipiga simu baada ya Adhuhuri. Tulisema, kwa neno tusilolizoea: "Mimi sijui kuogelea. Nilikujibu vibaya." Upande wa pili kukawa kimya. Kisha akasema alikwisha lipa arbuni ya dirhamu 300 kwa ile nyembamba, na muuzaji harudishi arbuni. Tukasema tutazilipa. Akasema, "Maalimu, zipotee." Tukasema hazipotei, ni deni, na tumeliandika. Mpaka leo tumekwisha punguza 120.

Darasa la majini

Kwa kuwa chombo kilikuwa hakijanunuliwa, tulimwomba asubiri. Tukamwambia kijana wetu: "Sasa wewe ndiye mwalimu."

Kwanza tulitafuta mahali. Ziwa Tanganyika si la kuingia popote. Viboko wapo, na jioni wanatoka kula majani, alfajiri wanarudi, na anayekaa kati yao na maji yumo hatarini. Mamba nao wapo. Wengi wamesikia habari za yule mkubwa wa kwetu aliyepewa jina la Gustave, aliyetengenezewa filamu mwaka 2004, lakini wadogo wasio na jina ndio wengi. Wavuvi wazee wakatuonyesha mahali pa mchanga, mbali na mdomo wa mto na mbali na matete, wakatuambia tuende jua likiwa juu. Kiangazi upepo unaotoka kusini huleta mawimbi makubwa, kwa hiyo siku za upepo hatukuingia.

Tulivaa kaptula ndefu zinazopita magoti. Siku ya kwanza tulisimama katika maji ya kifuani, kijana ametushika mgongoni, anasema, "Lala, Baba. Legeza shingo." Shingo haikulegea. Tulimeza maji. Siku ya pili vivyo hivyo. Wanafunzi watatu wa madrasa waliokuwa wakipita wakasimama kutazama. Tungeweza kuwafukuza, lakini tuliwaacha. Siku ya tano maji yalitubeba. Masikio yalizama, sauti zote zikakatika, tukaona mbingu tu na uso wa kijana wetu umetuinamia. Alikuwa ameondoa mikono yake na hakutuambia. Mara ya mwisho mtu kutushika mgongoni juu ya ziwa hili alikuwa marehemu baba yetu, mwaka ule 1993. Tulisimama haraka tukajifanya maji yameingia machoni.

Mwezi wa pili tuliweza kwenda hatua kama 20 bila kusimama. Si kuogelea kwa kusifiwa. Chura angetucheka. Lakini kunatosha kumfikisha mtu kwenye chombo chake kilichopinduka.

Kwani hilo ndilo jambo lenyewe. Wanaoijua kayaki wanasisitiza zoezi moja kabla ya kuvua: ipindue mwenyewe, uigeuze, upande tena, karibu na ufukwe, huku umevaa jaketi la kuokolea maisha. Tuliazima mtumbwi mwembamba wa jirani tukajaribu. Mara tatu tuliupanda ubavuni, ukatugeukia kichwani. Mara ya nne kijana aliushikilia upande wa pili, sisi tukalala kifudifudi, tukapiga miguu, tukajivuta kama mtu anayepanda kitanda kirefu. Tukafika.

Tulikaa pale juu tunahema. Jibu la swali la upana tukawa nalo. Chembamba hakitufai. Na hatuendi peke yetu.

Hesabu ya mwisho

Kila kayaki imeandikwa uzito inaoweza kubeba. Wenye uzoefu husema usiufikie: hesabu asilimia 70 tu, maana ile namba ni ya chombo kinachoelea kwa shida. Tulipima kwenye mizani ya soko. Sisi kilo 78, kijana kilo 61, jumla 139. Sanduku la barafu, vyombo, maji ya kunywa na samaki wa kiasi, kilo 30. Jumla 169.

Kayaki ya kiti kimoja inayobeba 200, asilimia 70 yake ni 140. Inatutosha peke yetu na vyombo, haimtoshi kijana. Kwa wawili tunahitaji inayobeba zaidi ya 240. Tulipata ya viti viwili, upana sentimita 90 na kidogo, imeandikwa 270. Asilimia 70 yake ni 189, inabaki nafasi ya kilo 20 ya samaki ambao Allah akipenda watakuja.

Tulichokipoteza tukitaje pia. Ni nzito, inapita kilo 50 bila vyombo, haibebwi na mtu mmoja, itahitaji magurudumu madogo ya kuivuta. Ni ndefu, haigeuki upesi. Bei yake ni kubwa kuliko ile ya kwanza, na tulimwomba mwanafunzi wetu atafute iliyotumika. Akapata yenye mikwaruzo tumboni. Mikwaruzo haina neno, ufa ndio wa kuogopa, hasa kwenye matundu ya maji na pale pedali zinaposhikiza. Alimwaga maji ndani ya mwili wake, akaiegesha usiku kucha juu ya karatasi kavu. Asubuhi karatasi zilikuwa kavu.

Mama watoto, ambaye ndiye anayeuza samaki, aliangalia picha akauliza swali lake: "Na hao samaki watakaa wapi, mapajani?" Tukamwonyesha nafasi ya sanduku nyuma ya kiti cha pili. Akasema sawa. Kisha akauliza la pili: "Umewafundisha watoto wa kiume kuogelea. Binti zako wao hawafi maji?"

Hatukuwa na jibu. Sasa shangazi yao aliyekulia Kigoma huwapeleka wao na wasichana wengine wa madrasa, siku yao, mahali pao pa faragha, wamejisitiri. Wavulana wako 14 chini ya kijana wetu. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba watoto wametumwa kusoma Qur'ani si kucheza majini. Tuliwaeleza tuliyoyaeleza hapa, pamoja na habari ya bido. Mmoja aliondoka hajaridhika. Mwingine alivua saa yake akauliza maji yanaanzia wapi.

Nasaha kwa familia zinazoishi kando ya maji

1. Kabla ya kuuliza chombo kina mbio gani, uliza nitarudije juu yake nikianguka. Kama hujui, chagua kipana, na jifunze.

2. Jaketi la kuokolea livaliwe. Likiwa chini ya kiti halimsaidii mtu. Filimbi ifungwe kwenye jaketi, na taa iwepo hata kama unatarajia kurudi mapema.

3. Funga kwa kamba kila kitu usichotaka kukipoteza, kuanzia pedali zenyewe. Beba kafi daima, pedali zinaweza kukwama.

4. Usiende kwenye midomo ya mito na matete, wala alfajiri na magharibi karibu na malisho ya viboko. Chombo cha pedali hakina kelele ya mashine, na kiboko hatakusikia mpaka uko juu yake.

5. Fuata sheria za uvuvi za nchi yako. Upande wa Tanzania ziwa letu hili lilifungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Chombo kidogo hakimpi mtu ruhusa.

6. Usiiache kayaki juani mwaka mzima. Plastiki inachoka kwa jua. Iweke kivulini, bila kuilaza juu ya kitu chenye ncha.

7. Mkeo au mama yako ajue umekwenda upande gani na utarudi lini. Ukichelewa, ajue amwite nani.

Ndugu katika Imani, sote tunakijua kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (SAW) kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache na kumtegemea Mwenyezi Mungu, na jibu alilopewa. Tumelisimulia kwenye minbari mara nyingi. Hatukuwahi kujiuliza kama sisi wenyewe kamba tunajua kuifunga.

Tunapoandika haya kontena limekwisha toka bandari ya Dar es Salaam, linakuja kwa barabara kuelekea mpaka wa Kobero. Ndani yake, kati ya friji na matairi ya watu, kuna chombo chenye viti viwili. Kijana wetu amekwisha chagua kiti cha nyuma. Anasema anataka kutuona tulipo.

Tunawaomba dua zenu. Allah (SW) atujaalie riziki ya halali, Atulinde sisi na watoto wetu na maji na moto, Awarehemu waliozama katika ziwa hili wakati wa vita na wakati wa amani, na Amlipe kila la kheri mwanafunzi asiyemsahau mwalimu wake. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.